Kimbunga Kisichofika Hakikuwa Uongo

Mwishoni mwa Aprili 2021, katika wikendi ya kuelekea sikukuu ya Muungano, Dar es Salaam ilikuwa inasubiri kimbunga. Jobo kilizaliwa kaskazini mwa Madagaska, kikapita jirani na kisiwa cha Aldabra, na siku baada ya siku taarifa zikakionesha kikija magharibi, kuelekea Mafia na pwani yetu. Wapo waliopandisha vyombo vyao ufukweni, wapo waliokesha na redio. Kulipokucha, kilichofika kilikuwa masalia: mawingu, mvua za hapa na pale, na upepo usiotofautiana sana na wa siku nyingine za masika. Jirani yangu alinikuta getini, akanisalimia, kisha akauliza: “Kiko wapi hicho kimbunga chenu?”

Alisema “chenu” kwa kuwa anaijua kazi iliyokula sehemu kubwa ya maisha yangu: kukaa mbele ya picha za setilaiti na ramani za upepo, nikifuatilia kinachojikusanya baharini. Hakuuliza kwa ubaya. Lakini swali lile lilinikaa moyoni, na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoisogelea Mafia, nililikumbuka kwa hofu. Nilijiuliza ni wangapi huko pwani walikuwa wanalirudia neno kwa neno wakati tahadhari inasomwa redioni.

Hoja yangu leo ni moja. Tahadhari ya kimbunga ambacho hakikufika haikuwa uongo, na pwani isiyolielewa jambo hilo italilipia siku kitakapofika.

Tuanze na kuzaliwa kwake. Kimbunga huishi kwa joto la bahari. Kinataka maji yenye nyuzi joto 26.5 au zaidi, na joto hilo liwe limeshuka makumi ya mita chini ya uso wa bahari, si utando wa juu tu. Kinataka hewa yenye unyevu. Kinataka upepo wa chini na wa juu usipishane sana, maana ukipishana hukitenganisha kichwa na kiwiliwili. Na kinataka msokoto unaotokana na mzunguko wa dunia. Msokoto huo haupo kabisa kwenye ikweta, na ndani ya digrii 5 ni hafifu mno. Ndiyo maana Mombasa, iliyo digrii 4 kusini, ina kinga ambayo Mtwara, iliyo digrii 10, haina. Unguja na Dar es Salaam ziko kati ya digrii 6 na 7. Hizo ziko ukingoni mwa kinga, na ukingoni si ndani.

Sasa angalia tarehe. Kimbunga kilichoibomoa Unguja kilipiga tarehe 15 Aprili 1872. Kile cha Lindi kilipiga Aprili 1952. Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019. Jobo ni Aprili 2021. Hidaya ni Mei 2024, na mwezi huohuo Ialy kikapanda kaskazini na kupeleka upepo mkali na mawimbi makubwa hadi pwani ya Kenya. Kalenda ya ukanda wetu huhesabu msimu wa vimbunga kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili. Kwa Madagaska na Msumbiji hesabu hiyo inafaa. Kwetu hatari hujibana mkiani mwa msimu, na mara nyingine huja baada ya kalenda kufungwa.

Mabaharia wetu wanakifahamu kipindi hicho kwa jina lake: maleleji, siku ambazo kaskazi imechoka na kusi haijashika. Januari ukanda wa mvua unaofuata jua huwa umeshuka hadi upande wa Madagaska, na vimbunga huzaliwa huko. Aprili ukanda huo unarudi kaskazini na kupita juu yetu. Ndiyo masika yenyewe. Bahari ya pwani, iliyopigwa na jua tangu Desemba, inakuwa karibu na kilele cha joto lake. Na pepo za misimu, ambazo zikiwa na nguvu huivuruga mifumo inayotunyemelea, zinakuwa zimelala. Mvuvi anayeiona bahari imetulia katika maleleji anaona kweli. Anachopaswa kujua ni kwamba utulivu huohuo ndio unaokipa kimbunga nafasi ya kupumua.

Mwaka 1872 hakukuwa na mtu wa kuisema hatari hiyo. Sultani Barghash alikuwa na takriban mwaka mmoja na nusu tu kwenye kiti. Ndani ya siku moja bandari ya Zanzibar ilijaa mabaki ya meli na majahazi, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ikalala chini. Pemba ilinusurika. Mkarafuu haukui kwa mwaka mmoja wala mitatu, hivyo Unguja ilipokuwa inapanda upya, Pemba ilikuwa inavuna. Hadi leo karafuu nyingi ya Zanzibar hutoka Pemba, na siku ile ya Aprili ni sehemu kubwa ya sababu. Kati ya visiwa hivi viwili kuna mkondo wa bahari wa kama kilomita 50. Tafadhali kishike kipimo hicho, kilomita 50, kwa sababu tutakirudia.

Enzi zile kimbunga kilifuatiliwa kikishapita. Kisiwani Mauritius, Charles Meldrum alikusanya daftari za safari kutoka meli zilizotia nanga Port Louis. Kila nahodha alikuwa ameandika upepo ulivuma kutoka wapi, na kipimahewa kilishuka hadi wapi. Meldrum alipoziweka pamoja kwenye ramani, njia ya kimbunga ilijitokeza, lakini waliozama walikuwa wameshazama. Aliyekuwa baharini alikuwa na kanuni moja ya kujiokoa, na kanuni hiyo ingali kweli: huku kusini mwa ikweta, upe upepo mgongo, na kitovu cha kimbunga kitakuwa upande wa mkono wako wa kulia. Vimbunga vyetu huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na siri ya kanuni iko hapo.

Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa Aprili 1960, na kuanzia hapo, hatua kwa hatua, bahari ikakosa mahali pa kukificha kimbunga. Lakini picha ya wingu si kipimo cha upepo. Katika Atlantiki, Wamarekani hurusha ndege hadi ndani ya kimbunga na kudondosha vipimo. Bahari ya Hindi haina utaratibu huo wa ndege. Huku kwetu tunategemea mbinu ambayo Mmarekani Vernon Dvorak aliijenga miaka ya 1970, na ningependa msomaji aione kwa karibu, kwani uhakika wetu na mashaka yetu vyote vimo ndani yake.

Weka picha mezani. Tafuta mahali ambapo mikanda ya mawingu inajikunja. Hapo ndipo kitovu. Kisha ufuate kwa kidole ukanda mnene, ule wenye vilele vya baridi kali, na uhesabu umekizunguka kitovu kwa kiasi gani. Ukiwa umezunguka nusu duara, daraja lake ni 2.5, na upepo ni kama kilomita 65 kwa saa. Ukilimaliza duara na kuzidi kidogo, daraja ni 4, kama kilomita 120 kwa saa, na hapo kimbunga kimekomaa. Jicho likishatoboka katikati, unapima joto lake na kulilinganisha na ukuta wa mawingu unaolizunguka. Kadiri jicho linavyokuwa la joto na ukuta unavyokuwa wa baridi, ndivyo kimbunga kinavyokuwa kikali. Ngazi inaishia 8.

Wachambuzi wawili wazoefu wakipewa picha ileile wanaweza kupishana nusu daraja, na hakuna kati yao aliyefanya uzembe. Kwa kimbunga kilichokomaa, nusu daraja ni kama kilomita 20 za upepo kwa saa. Usiku kazi huwa ngumu zaidi. Mawingu ya juu hutandaza shuka juu ya mfumo na kukifunika kitovu. Zipo setilaiti zinazoona chini ya shuka hilo, lakini hupita juu yetu mara chache tu kwa siku. Kila aliyefanya kazi hii ameshakutana na asubuhi ya namna hii: usiku kucha umekiweka kitovu chini ya wingu zito, jua likichomoza unakikuta kiko nje, kitupu, makumi ya kilomita kutoka pale ulipokiandika. Unafuta, unaanza upya, na kila utabiri uliojengwa juu ya nukta ile unasogea nayo.

Kituo chenye dhamana ya ukanda wetu wote wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni cha Ufaransa, kisiwani Réunion. Majina hutolewa na Madagaska au Mauritius, kutegemea mfumo uko upande gani wa longitudo 55 mashariki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuchukua uchambuzi huo, huulinganisha na vipimo vya pwani na rada, na hutoa tahadhari kwa nchi. Msomaji anayeziona takwimu mbili tofauti za kimbunga kimoja mtandaoni asidhani mmoja amedanganya. Réunion hupima wastani wa upepo kwa dakika 10, na Wamarekani hupima kwa dakika 1. Wastani wa muda mfupi hutoa namba kubwa zaidi kwa upepo uleule.

Kujua kilipo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kinakwenda wapi. Kimbunga hakina usukani. Hubebwa na mkondo wa hewa unaokizunguka, kama gogo mtoni. Huku kwetu mkondo huo hutawaliwa na mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa kusini-mashariki mwa Madagaska. Mgandamizo ukijitanua kuelekea magharibi, kimbunga husukumwa kuja Afrika. Ukivunjika, hupata upenyo kikapinda kusini na kuishia kwenye maji ya baridi. Vimbunga vingi hupinda, na ndiyo maana tumezoea kuvisikia vikitajwa mbali.

Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, huendesha hesabu hiyo mara 51, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kwa sababu hakuna anayeijua hali ya kuanzia kwa ukamilifu. Matokeo ni njia 51 kwenye ramani moja. Njia hizo zikienda pamoja, mtabiri huongea kwa kujiamini. Zikitawanyika, huongea kwa tahadhari. Kutokana na mtawanyiko huo, na makosa yaliyopimwa miaka iliyopita, ndipo linapochorwa lile eneo linaloanza jembamba na kupanuka mbele kama mdomo wa tarumbeta. Watu huutazama mstari wa katikati na kuuliza kama unapita kwao. Mstari ni kiini tu cha makisio. Taarifa yenyewe ni tarumbeta nzima, na kila aliye ndani yake ameambiwa kwamba huenda ikawa kwake.

Sasa turudi kwenye kilomita zetu 50. Baada ya maendeleo yote haya, kosa la wastani la kutabiri kitovu kitakuwa wapi baada ya saa 24 bado ni makumi ya kilomita, na kwa saa 48 huvuka 100. Umbali uliotenganisha Unguja iliyobomoka na Pemba iliyosimama ni mdogo kuliko kosa la kawaida la utabiri bora wa leo wa siku mbili. Mtabiri wa leo angepewa kimbunga cha 1872 na mitambo yote ya dunia, asingeweza siku mbili kabla kuiambia Unguja “kimbieni” na kuiambia Pemba “laleni”. Angelazimika kuvionya visiwa vyote viwili, na kimoja kingeamka kikiona hakuna kitu.

Siku mbili zenyewe ndizo tunazopewa. Freddy, mwaka 2023, kilizaliwa jirani na Australia mwanzoni mwa Februari, kikavuka bahari nzima na kuishi siku 36, muda ambao Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeutambua kuwa rekodi. Vimbunga vinavyotulenga sisi huzaliwa mlangoni. Kenneth kilipewa jina tarehe 23 Aprili 2019, kikapita jirani na Ngazidja tarehe 24, na tarehe 25 kilikuwa nchi kavu. Mtwara ilionywa, watu wakahamia maeneo salama. Kenneth kikatua Cabo Delgado, ng’ambo ya Ruvuma, kikiwa na nguvu ambazo hazikuwa zimewahi kurekodiwa katika sehemu ile ya pwani. Mtwara ilibaki salama, na baadaye nilisikia watu wakisema walisumbuliwa bure. Kutoka Mtwara hadi kilipotua ni kama kilomita 200. Ng’ambo ya mto watu walikuwa wakizika.

Mstari wa ramani una kasoro nyingine: unaonesha njia ya kitovu, hauoneshi maji. Freddy kiliua mamia ya watu Malawi, nchi isiyo na bahari, kwa mafuriko na maporomoko ya udongo katika wilaya za kusini na kwenye miteremko ya Blantyre. Hidaya kilipofika eneo la Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa kimeshaanza kuishiwa nguvu. Kama kipimo ni upepo, mtu angesema tena kwamba hakikufika. Lakini mvua zake ziliangukia ardhi ya Kilwa na Lindi iliyokuwa imeshiba maji ya msimu wa El Nino, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika eneo la Somanga. Mikoa ya kusini ikatengwa na mfumo uliokuwa unakufa.

Hata kimbunga cha mbali kina mkono wake kwetu. Machi 2018, vimbunga vilivyopita mashariki mwa Madagaska vilisaidia kuvuta hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo, na Afrika Mashariki ikanyeshewa kupita kiasi. Machi 2019, Idai kilichoipiga Beira kilivuta unyevu kwenda kusini, na mvua za masika zikachelewa kwa wakulima wengi wa Kenya na Tanzania. Njia ya kimbunga ilikuwa mbali, shamba lililosubiri lilikuwa la kwetu.

Kisha lipo jambo ambalo mvuvi analijua kuliko setilaiti. Kimbunga husukuma bahari juu ya nchi kavu, na madhara hutegemea kimeyakuta maji katika hali gani. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hufika mita 3 hadi 4. Kimbunga kilekile kikifika siku za maji mafu, bahari inaweza kuishia mchangani. Kikifika usiku wa bamvua na maji yamejaa, kitaingia mikokoni, mitaroni na majumbani. Hidaya kilifika tarehe 4, na mwezi mpya ulikuwa tarehe 8. Kingechelewa siku nne au tano kingelikuta bamvua. Sijaona watu wengi wakilizungumzia hilo, na nadhani tahadhari zetu zingepata masikio zaidi pwani kama zingetaja bamvua na maji mafu kwa majina yake, maana mvuvi huhesabu siku zake kwa mwezi.

Nifike sasa kwenye tahadhari yenyewe. Mamlaka yetu hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Chini ya kila taarifa kuna mistari miwili ambayo watu wengi huiruka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Uwezekano unaweza kuwa mdogo na athari kubwa. Watu huishia kwenye neno “mdogo” na kuendelea na shughuli zao. Lakini uamuzi wa busara unataka mistari yote miwili isomwe kwa pamoja.

Tufanye hesabu ya diko, si ya maabara. Tuseme uwezekano ni mmoja kati ya watano. Maana yake, mvuvi akipandisha mashua yake kila anapoonywa, mara nne kati ya tano atakuwa ameipandisha na kimbunga hakikuja. Amepoteza mapato ya siku nne hivi. Mara ya tano ameokoa mashua iliyomchukua miaka kuinunua, na pengine ameokoa roho. Zile mara nne hazikuwa makosa ya mtabiri. Alisema mmoja kati ya watano, na ikawa mmoja kati ya watano. Siku moja ya mapato ni nzito kwa anayekula leo alichovua leo, nami silichukulii hilo kwa wepesi. Kwa sababu hiyohiyo halmashauri za pwani zinapaswa kufikiria jinsi ya kumsaidia mvuvi anayetii tahadhari, badala ya kumtaka abebe gharama ya utii peke yake.

Na sisi wa upande wa utabiri tuna deni. Kimbunga kikipita pembeni, tunanyamaza na kuhamia kwenye mvua za wiki inayofuata. Ukimya huo ndio unaogeuka kuwa neno “walitudanganya”. Tungepaswa kurudi kwa watu ndani ya siku chache na ramani mkononi: hapa ndipo tuliposema, hapa ndipo kilipopita, tulikosa kwa kilomita hizi, na haya ndiyo yaliyotokea kule kilikotua. Tuyaseme hayo redioni, misikitini, makanisani na dikoni. Tena tuwafundishe watoto wa pwani kwamba mwezi Mei haujatoka kwenye hatari, hasa sasa ambapo Bahari ya Hindi inazidi kupata joto na kina chake kinapanda.

Jirani yangu akiniuliza tena kiko wapi kimbunga chetu, nitamwambia habari za Aprili 1872. Laiti kungekuwa na wa kuonya siku ile, Wapemba wangepandisha majahazi, wangefunga milango, wangelala na hofu, na asubuhi wangetoka nje wakaikuta mikarafuu yao imesimama. Wangeuliza kiko wapi. Kilikuwa Unguja, kilomita 50 upande wa pili wa mkondo, na aliyewaonya angekuwa amesema kweli.